Bonde la Kwenye Karatasi

Mikumi,
24 Machi 2025

Mama Loveth, mke wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwa nyani. Mimi mzima, ila miguu inaniwasha kwa kukaa kutwa. Simu zetu walizikusanya siku ile ile tuliyofika, wakazifungia kwenye kabati la chuma pamoja na kompyuta zetu, eti siri ya mtihani isivuje. Karatasi na kalamu wamezisahau. Kwa hiyo nakuandikia kama enzi za uchumba, na posta yetu ni Samson, dereva wa kambi, anayekuja huko kununua mchele na mboga. Mpe chai, ni mtu mwema. Usimpe maneno mengi tu, maana hayo nayo huyabeba.

Wageni wetu, hawa wa nje wenye mtihani, nadhani walichagua Mikumi kwa ajili ya tembo, hili la utulivu ni kisingizio. Kila jioni wanasimama uani na darubini. Jana tembo hakuja, akaja nyani akachukua mkate mezani mbele ya mama kiongozi wetu, naye badala ya kumfukuza akampigia makofi. Wamecheka sana pia kusikia kwamba Samson akienda Kilosa anapita kijiji kinachoitwa Ulaya.

Kazi yenyewe unaijua. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika vyuo vikuu vya nchi sita wamepewa swali moja, ili dunia ijue ni wapi shahada ina uzito na wapi ni karatasi tu. Majibu yote yamechapwa na kutafsiriwa kwa Kiingereza. Nchi imefichwa, chuo kimefichwa, kila fungu limepewa jina la rangi. Wa Chuo cha Mkondoa, wanafunzi wako, najua wamo humu mahali fulani. Niliwaambia waziwazi kwamba mke wangu anafundisha huko, wakasema haina shida kwa sababu hata nikitaka kuwatambua sitaweza. Ni kweli, siwezi.

Swali ni hili. Kuna Bonde la Kijani, halipo popote duniani, wamelitunga. Wakulima na wafugaji wanagombania eneo kando ya mto. Mwanafunzi anapewa ramani, taarifa ya mvua, hesabu ya ng'ombe na barua ya malalamiko ya wakulima. Kuna njia tatu za kumaliza ugomvi. Achague moja, alishauri baraza la wilaya, basi.

Sasa nikuchekeshe. Fungu la Bluu limenivunja mbavu. Karibu wote wamegoma kuchagua! Mmoja kaandika: "Hapa kuna barua ya wakulima, lakini sijaona neno la mfugaji. Sitaamua. Kwanza pande zote mbili ziutembee mpaka wa eneo hilo kwa miguu, pamoja, ndipo mniulize." Mtihani huo, mama! Mwongozo unasema asiyechagua apewe moja kati ya sita, nami nimewagawia moja moja mpaka mkono umechoka. Fungu la Njano, hapo ndipo penye vichwa. Kijana mmoja kaamua ndani ya ukurasa mmoja: "Wafugaji wapakiwe kwenye malori pamoja na ng'ombe wao, wahamishwe nje ya bonde kabla ya mvua." Takwimu kazipanga vizuri, sentensi zimenyooka. Nimempa sita. Natamani vyuo vyetu vingetoa watu wa namna hiyo.

Msalimie Loveth, mwambie asikimbie hesabu. Paa la jiko nitalishughulikia nikirudi, naahidi.

Mumeo,
Lupakisyo


Magomeni, Kilosa,
27 Machi 2025
(Haikutumwa)

Baba Loveth,

Ni wanafunzi wangu. Fungu la Bluu ni wanafunzi wangu, na wewe umekaa huko unawacheka!

Kutembea mpaka nimewafundisha mimi, kule kijijini Rudewa, matope yakiwa magotini. Mkulima na mfugaji wanatembea pamoja, na kila mmoja anamsemea mwenzake, anaeleza madai ya mwenzake mpaka yule mwingine aseme ndivyo. Sikulitoa kitabuni. Ndivyo watu wa huko walivyokuwa wakipatana kabla kesi zote hazijahamia mahakamani. Wanafunzi nao nawafanyisha hivyo hivyo. Yared, ambaye baba yake ana ng'ombe kule kule Rudewa, humsemea mkulima vizuri hadi wakulima wenyewe wanampigia makofi. Na wewe umewapa moja.

Unajua washirika wetu wa nje walivyosema. Chuo kitakachoshika mkia kwenye upimaji huu hakitapokea tena wanafunzi wa shahada ya usimamizi wa ardhi. Shahada nzima, Baba Loveth, na unaifuta wewe kwa kalamu yako huku unacheka...

Siwezi kukutumia hii. Nikikuambia, utakuwa umewasaidia wanafunzi wa mkeo, na haki yao yenyewe itanuka.


Magomeni, Kilosa,
27 Machi 2025

Baba Loveth,

Barua yako imefika, Samson amekunywa chai. Sisi wazima. Mfungo unakaribia kuisha na jirani anatuletea tambi kila jioni kana kwamba na sisi tumefunga, Loveth ananenepa tu.

Hukunichekesha. Nimesoma habari za hao wa Bluu wako na sikuona kichekesho. Mtu amepewa barua ya upande mmoja, akasema upande wa pili haujasema, na wewe msomi mzima unampa moja? Kama ni mtihani wa kupima fikra, huyo ndiye aliyefikiri. Wengine wamejaza nafasi. Na hilo la kutembea mpaka kwa miguu, wewe umeoa mtu anayelifundisha, ulikuwa unasinzia nilipokuwa nakusimulia?

Na huyo kijana wako wa malori, bora nisimtaje, lakini namtaja. Hajui ng'ombe mwenye mimba anashushwaje kwenye lori. Hajui mtoto wa mfugaji anaacha shule ipi na kwenda wapi. Kapanga takwimu vizuri, sawa, hata mwizi hupanga. Yeyote aliyemfundisha aone aibu.

Sina raha wiki hii. Dokta Mathias, mkuu wetu wa chuo, anapita kila ofisi akiuliza kama kuna aliyesikia lolote kuhusu matokeo. Anafungua mlango, anauliza, anafunga, anafungua tena. Shahada ya ardhi iko kwenye mizani na kila mtu anaiona mizani hiyo hata usingizini. Fikiri vizuri huko uliko.

Mkeo,
Hildegarda


Mikumi,
31 Machi 2025

Mama Loveth,

Barua yako imeniunguza vidole. Nilikaa nikawaza nimekosa nini, nikaisoma tena, nikajua. Ni paa. Mvua imenyesha, maji yameingia jikoni, na mimi niko huku nakula wali wa watu. Nisamehe. Mwite Thadeo fundi, yule wa karibu na stesheni, aweke hata turubai kwanza. Usiwamalizie hasira wanafunzi wa watu ambao hata hatujui wanatoka nchi gani.

Lakini kwa kuwa umelianzisha, nikujibu. Mtihani huu haupimi huruma, unapima uwezo wa kuamua ukiwa na habari pungufu, maana ndivyo kazi zilivyo. Daktari hangoji ukoo mzima ukusanyike ndipo achome sindano. Nilimweleza mama kiongozi hoja yako, bila kutaja ni ya nani, naye akasema hivyo hivyo.

Hata hivyo nimekereka. Tangu juzi kila nikishika karatasi ya Njano naona imeandikwa haraka mno. Wote wanaamua kwa namna moja, kama watu waliopigiwa filimbi moja. Nikirudi kwenye Bluu nacheka kidogo kuliko mwanzo. Hii ni kazi yako. Uliniharibia hata chakula cha jioni.

Watakie majirani sikukuu njema. Huku nasikia takbira kwa mbali, kutoka upande wa mjini.

Mumeo,
Lupakisyo


Magomeni, Kilosa,
3 Aprili 2025

Baba Loveth,

Paa! Wewe mwanaume utanichekesha hata siku sitaki kucheka. Thadeo ameshakuja, kaweka turubai, kasema mabati yenyewe yameoza pamoja na aliyeyaweka. Haya, tumemaliza habari za paa.

Daktari wako huyo hangoji ukoo, sawa. Lakini kuna daktari anayempasua mtu bila kumwuliza anaumwa wapi? Mfugaji katika hilo bonde lenu ndiye anayepasuliwa. Tafuta kwenye karatasi zenu zote, ramani, mvua, hesabu za ng'ombe. Ng'ombe wamehesabiwa, mwenye ng'ombe hakuulizwa. Waliotunga swali walimsahau, na sasa mnawaadhibu waliomkumbuka. Waulize swali hilo moja tu, huyo mama kiongozi na wenzake: ni karatasi gani humo ndani ambayo mfugaji anasema? Kisha nyamaza uwaangalie.

Nakuandikia nimesimama. Siku hizi siwezi kukaa. Nikiingia darasani natazama zile sura za mwaka wa tatu, Yared na Lightness na wenzao, natamani kusema kitu nashindwa, natoka. Wananiuliza, "Madamu, unaumwa?" Nawaambia ni malaria.

Uliza swali hilo, Baba Loveth. Nakuomba kama mke.

Hildegarda


Mikumi,
7 Aprili 2025

Mke wangu mwenye kichwa kigumu,

Nimeuliza.

Tulikuwa kwenye kikao cha asubuhi. Nikasimama, nikawauliza kama ulivyoniambia: ni karatasi gani humu ndani mfugaji anasema? Wakaanza kufunua. Wakafunua tena. Yule bwana aliyetunga swali akafungua mkoba wake kana kwamba mfugaji kamsahau humo. Nikanyamaza kama ulivyoniagiza, na kunyamaza kwangu unakujua, huwa ni kugumu kuliko kazi yenyewe. Mwisho mama kiongozi akavua miwani, akasema, "Tumeuliza swali lenye tundu, na walioliona tundu tumewafelisha."

Wakabishana siku mbili nzima. Bwana mtunzi alikasirika, hakula nasi. Lakini mwongozo umebadilishwa. Sasa anayeona kwamba upande mmoja haujasikika na kusema usikike vipi, anaweza kupata sita. Anayeamua bila kuona hilo, hata aandike kwa dhahabu, hazidi mbili. Tumesahihisha upya mafungu yote. Bluu imepanda kutoka mkiani hadi juu kabisa. Njano imeporomoka yote.

Yule kijana wa malori nimemshusha mwenyewe kutoka sita hadi mbili. Niliumia kidogo, kwa sababu kwa kweli anaandika vizuri, kisha nikakumbuka ulivyosema juu ya mwalimu wake, nikakata.

Nikuambie jambo? Kwa miaka mingi nimesahihisha mitihani kama mtu anayepepeta mchele. Wiki hii kwa mara ya kwanza nimesoma. Nina furaha, na sijui kwa nini bado sijatulia.

Mumeo,
Lupakisyo


Magomeni, Kilosa,
10 Aprili 2025

Baba Loveth wangu,

Mungu akubariki wewe na kalamu yako! Nimeisoma barua yako nikiwa getini, Samson bado hajazima gari, nikapiga kigelegele hadi jirani akatoka na mwiko mkononi.

Sasa naweza kukuambia, kwa kuwa umeshamaliza kusahihisha na hakuna kitakachobadilika. Bluu ni sisi. Ni wanafunzi wangu wa Mkondoa! Niliwatambua tangu barua yako ya kwanza, pale pa kutembea mpaka kwa miguu. Nani mwingine duniani angeandika hivyo ndani ya chumba cha mtihani? Na yule wa "sijaona neno la mfugaji" naweka mkono wangu motoni, ni Yared. Nilikuficha ili moyo wako uwe safi. Hukunisaidia mimi, umesaidia ukweli, na ukweli ukawa wangu. Nisamehe kwa hasira zile. Paa halikuhusika.

Leo nimeingia darasani nikashindwa kujizuia. Nikawaambia, "Wanangu, mmenitoa kimasomaso." Sikusema kwa nini. Wakaangaliana tu, Lightness akacheka, Yared akatazama daftari lake. Haya ya kijana mwema. Nimempita hata Dokta Mathias koridoni nikamwambia alale salama, shahada haiendi popote. Kaniuliza nimejuaje, nikamwambia nimeota.

Rudi tusherehekee Pasaka. Nimeshamweka kuku pembeni, anakula mpunga kama mfalme.

Mkeo mwenye furaha,
Hildegarda


Mikumi,
14 Aprili 2025

Mama Loveth,

Kaa chini kwanza. Nakuomba ukae kabla hujaendelea.

Barua yako ilifika asubuhi ya leo, saa ile ile tuliyokuwa tunafungua majina ya mafungu. Niliisoma nikiwa kwenye foleni ya kuingia ukumbini.

Bluu ni Mongolia. Ni watoto wa wafugaji wa huko kwenye baridi, ambako, nimeambiwa, watu wakigombania malisho hupanda farasi pamoja wakazunguka eneo kabla mtu hajafungua mdomo. Mfasiri aliandika "kwa miguu" kwa sababu hakujua desturi hiyo ya farasi aiweke vipi kwa Kiingereza.

Njano ni Mkondoa.

Nimeomba nithibitishiwe, nimethibitishiwa. Ni wanafunzi wako wote, mke wangu. Na mkia tumeushika sisi. Kwa mwongozo wa kwanza tungekuwa wa pili kutoka juu.

Nimezunguka ua huu mpaka mlinzi kaniuliza kama nimepoteza kitu. Nina jambo moja la kukuambia, kisha nitakuachia. Nikisimama kesho kutwa nikasema kwamba hoja iliyobadilisha mwongozo ilitoka kwenye barua ya mke wangu, ambaye ni mwalimu wa chuo kinachopimwa na alidhani anawatetea wanafunzi wake, kanuni iko wazi, hoja ya mwenye maslahi haihesabiwi. Mabadiliko yanafutwa, mwongozo wa kwanza unarudi. Mimi nitafukuzwa kwenye kazi hii na sitaitwa tena, hilo si kitu. Shahada yako itapona. Yared na wenzake watakuwa wa pili katika nchi sita. Na nitakuwa nimesema kweli tupu.

Pingamizi linapokelewa hadi Alhamisi. Samson nimemwomba akusubiri hapo hapo uandike. Sema neno, nitafanya.

Lupakisyo


Magomeni, Kilosa,
16 Aprili 2025

Baba Loveth,

Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Samson nilimwomba alale kwa ndugu yake hapa mjini, maana sikuweza kukujibu siku ile. Nimefagia ua uliokwisha kufagiwa. Chai nimeichemsha nikaisahau, nikaichemsha nyingine.

Kwanza sikuamini. Nikaenda chuoni nikamwita Yared ofisini.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Kaa. Lile swali la Bonde la Kijani, wewe ulijibu nini?"

Akafurahi kuulizwa, Baba Loveth! Uso ukang'aa. Akanijibu kama anayesoma ubaoni: wafugaji wapakiwe kwenye malori pamoja na ng'ombe wao, wahamishwe nje ya bonde kabla ya mvua. Akanitajia na takwimu zake. Kijana wako wa sita, uliyemshusha kwa sababu ya maneno yangu, ni Yared.

Nikamwuliza, "Na Rudewa? Kutembea mpaka kote kule, ulikuacha wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. Akasema, "Madamu, Rudewa kuna watu. Lile lilikuwa bonde la kwenye karatasi."

Asubuhi ya mtihani Dokta Mathias aliwakusanya akawaambia wasimletee habari za Rudewa, huu ni mtihani wa kimataifa, waandike kama wasomi. Wakaandika kama wasomi. Nilitaka kumkasirikia Dokta Mathias, nikashindwa. Mitihani yangu mwenyewe ya mwisho wa muhula inataka nini? Jibu moja kati ya manne, dakika chache, kalamu chini. Shambani nawafundisha kusikiliza, darasani nawapa maksi kwa kuwahi. Wamenielewa vizuri kuliko nilivyojielewa.

Nikamwuliza jambo moja zaidi. Nikamwambia, "Yared, wale ng'ombe uliowapakia, walikuwa wa nani?"

Akatazama dirishani. Kisha akasema polepole, "Hee. Kumbe walikuwa wa baba."

Akaomba ruhusa akatoka, na mimi nikabaki pale nimeshika kiti. Miaka mitatu, Baba Loveth, nimempeleka Rudewa kumsemea mkulima, kwa sababu ndiyo kanuni yetu, mtoto wa mfugaji amsemee mkulima. Na alikuwa hodari, sote tukampigia makofi. Hakuna siku hata moja tuliyomwachia aseme ya kwao.

Sasa neno unalolisubiri. Usisimame. Mwongozo huu ungetupandisha, ningeuita wa haki, na nilikwisha uita hivyo getini kwa kigelegele. Umetushusha, basi bado ni wa haki. Ukirudishwa ule wa kwanza, wale watoto wa Mongolia watapewa moja tena, kwa kosa la kujua nilichokuwa nadai kwamba nakifundisha. Siwezi kuwafanyia hivyo ili niokoe jina la shahada yangu. Najua kuna kosa letu sisi wawili la kuandikiana, na ukitaka kulisema baada ya matokeo kutangazwa, tutalisema pamoja, nitakuja Mikumi nisimame na wewe. Lakini lisitumike kununulia nafasi ya pili.

Dokta Mathias nimemwambia. Hakupiga kelele, angepiga kelele ningepata nafuu. Alisema tu kwamba mwaka kesho hatutapokea mwaka wa kwanza wa ardhi, kisha akaanza kupanga makabrasha yaliyokwisha pangwa. Hawa tulio nao watamaliza. Mimi sijui nitafundisha nini baada yao. Naogopa, nakuambia wazi, na hasira yangu yote haina pa kwenda kwa sababu kila nikiitazama inanirudia mwenyewe. Niliandika kwa mkono wangu kwamba yeyote aliyemfundisha kijana yule aone aibu. Nimeiona.

Njoo na Samson kesho, simu yako wakikurudishia au wasikurudishie. Kuku bado anakula mpunga. Baada ya Pasaka tunakwenda Rudewa na hili darasa la mwisho, maana ng'ombe wameingia kwenye mahindi ya watu huko na wameanza kutishiana, na tumeombwa kutembea nao mpaka. Nataka na wewe uje, bila mwongozo wowote mfukoni.

Jana jioni Yared alikuja hapa nyumbani. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Alisema safari hii anaomba asimsemee mkulima. Anaomba amsemee baba yake.

Nimemkubalia.

Mkeo,
Hildegarda